Mgeni wa Kiwanja Namba Kumi na Saba

Kerryn alikuwa mtu wa kuambilika, na kwao wote walilijua hilo tangu yuko mdogo. Ukimwambia kiatu chako kinakubana, anavua chake akupe. Kwa hiyo dada yake Tamsin alipompigia simu mwezi wa Agosti kumuuliza Januari atawapeleka wapi watoto, Kerryn alijibu bila kufikiri kwamba wanakwenda Durrabah. Wapi tena? Kila mwaka Krismasi ikipita wanakwenda Durrabah.

"Durrabah, na Odette ana miaka mitatu?" Tamsin akasema. "Kez, mdogo wangu, ule mto umeuangalia vizuri lakini?"

Ule mto Kerryn alikuwa akiuangalia tangu anavaa nepi. Kambi ya likizo ya Durrabah imekaa pale mto unapoingia baharini, na kiwanja namba kumi na saba ndicho cha mwisho kwenye safu ya mtoni, penye kivuli, penye mchanga laini wa kuchezea na maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Baba yao, Des, alikishika kiwanja hicho kabla Kerryn hajazaliwa. Kila mwaka alilikokota kwa gari karavani lake, kile kijumba cha magurudumu, mpaka pale, akafunga turubai la mbele, akasimamisha meza yake ya kuparia samaki, na kuanzia hapo hakuna aliyemwona na viatu mpaka shule zifunguliwe. Majirani walikuwa walewale. Watoto walikua pamoja, wakatukanana pamoja, wengine wakaja wakaoana.

Kiwanja cha Durrabah hakipatikani kwa kubonyeza simu. Unakipata kwa sababu mwaka jana ulikuwa nacho. Siku ya kufunga mizigo unapita dirishani ofisini, unamwambia Glenys, "Kama kawaida," naye anakushikia mwaka unaofuata. Ukiacha kusema hivyo, kinakwenda kwa walio kwenye foleni, na kwenye foleni ile kuna watu waliojiandikisha wakiwa na wachumba na sasa wana wajukuu. Ukipata dharura, unamweka mtu akukalie: rafiki au ndugu analala kwenye kiwanja chako Januari moja, kisha anakurudishia. Glenys anajua, na anajifanya hajui. Kukiachia kabisa ni jambo jingine. Hapo lazima mwenye kiwanja afungue kinywa mwenyewe aseme, namwachia fulani, damu yangu. Des alipoona siku zake zinaisha, alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu mpaka kwenye lile dirisha, akasema namwachia Kerryn.

Hakumtaja Tamsin, ingawa Tamsin ndiye mkubwa. Tamsin alikuwa ameshajitoa zamani. Likizo zake zilikuwa za hoteli, Bali huku na Fiji kule, na alikuwa akisema mbele ya kila mtu kwamba yeye hawezi kupanga foleni ya bafu na kandambili mguuni, nyuma ya mwanamume asiyemjua aliyejifunga taulo. Des alipolitaja jina la Kerryn, Tamsin alicheka akampigia makofi mdogo wake. Kwa hiyo watu wakaona mambo yamekwisha vizuri.

Lakini mwaka huo haukuwa mwaka wa hoteli kwa Tamsin. Mumewe alimwacha wakati wa baridi, mwezi wa Juni, akahamia Perth, upande wa pili kabisa wa nchi, ambako huwezi hata kwenda kumgombeza. Kerryn ndiye aliyekuwa akimpikia dada yake lasanya na kuipeleka kwenye sahani ya bati, ndiye aliyewachukua wale mabinti zake wawili kila Jumamosi ili mama yao apate kulala. Kwa hiyo Tamsin alipoanza kujishughulisha na likizo ya watoto wa mdogo wake, Kerryn alifurahi. Alijisemea, afadhali, amepata jambo la kufikiria.

Na Tamsin alilifikiria kwelikweli. Kila jioni alituma picha. Kambi aliyoipenda iliitwa Pelikani, mwendo wa saa moja na nusu kaskazini ya Durrabah, na ukiitazama kwenye simu ilikuwa imejengwa kwa ajili ya watoto wa Kerryn hasa. Bwawa la kuogelea lenye ndoo kubwa juu inayojaa na kuwamwagikia watoto. Godoro la hewa la kurukia, kubwa kupita nyumba. Uzio pande zote, na geti linalojifunga lenyewe. Bafu za familia zenye beseni la mtoto mdogo. Asubuhi kuna wasichana wa kambi wanaowachukua watoto kuwapaka rangi usoni, mama akakaa na kahawa yake ikiwa bado ya moto.

Halafu akamlinganishia na Durrabah. Hakuna uzio. Mto una mkondo, maji yakianza kutoka. Chooni unatembea na tochi, mtoto mmoja mkononi na mwingine analia kwamba amechelewa. Kuna yule kenge anayepita kati ya mahema mchana kweupe, aliyempokonya Rafferty soseji mkononi mwaka jana. Tamsin hakutia chumvi hata kidogo. Yote aliyoyasema yalikuwa kweli, na baadaye hilo ndilo lililomkera Kerryn kuliko mengine, kwamba alidanganywa kwa maneno ya kweli matupu.

Jioni moja Kerryn na mumewe Heath walikaa mezani, watoto wameshalala, wakalizungumza. Heath ni fundi umeme, mtu wa maneno machache, na katika mambo ya ukoo wa mkewe alikuwa na desturi ya kukaa pembeni. Alisema Pelikani ni sawa, mwaka mmoja si neno. Ila akauliza kwa nini wasimweke mtu awakalie kumi na saba mpaka Odette akue.

Lilikuwa swali la maana, na Kerryn akampelekea Tamsin kama lilivyo.

"Usiwe mchoyo, Kez," Tamsin akamjibu. "Watu wana watoto, wanasubiri miaka na miaka, na wewe unataka kukalia kiwanja usicholala? Baba angekuelewa kweli?" Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Mimi nataka mwaka huu tuwe wote. Wewe, mimi, Mama, watoto. Nimechoka kukaa peke yangu."

Hapo ndipo Kerryn alipolainika. Mtu aliyeachwa akikwambia amechoka kukaa peke yake, utamjibu nini? Kesho yake alipiga simu Durrabah wakati wa chakula cha mchana, simu ikaita weee ikaingia kwenye mashine ya ujumbe. Alisema jina lake, akasema mwaka huu hawaji, akasema kumi na saba anakiachia. Alitaka kumshukuru Glenys kwa miaka yote ile, lakini kilio kilimkaba, akakata simu. Tamsin alipopiga kuuliza kama ameshamaliza, Kerryn alimweleza yote, mpaka kilio chenyewe. Tamsin akamwambia yeye ni mama mzuri sana.

Wakalipia Pelikani, viwanja viwili ubavu kwa ubavu, kimoja chao na kimoja cha Tamsin na Mama. Odette akanunuliwa maboya ya mikononi ya rangi ya machungwa, akawa anayavaa sebuleni.

Siku mbili kabla ya safari Tamsin alipiga simu. Kazini wamemzuia, mwenzake kaugua, hana la kufanya. Aliomba radhi mpaka Kerryn ndiye akawa anambembeleza. Jioni yake mama yao naye, Noelene, akasema nyonga inamsumbua, na safari yote ile ya gari haiwezi; wao waende tu wakafurahi. Kerryn alisema basi nao wasiende. Mama akamkataza kabisa, akamwambia asiwanyime watoto.

Pelikani haikuwa na kosa. Haki yake ipewe. Ndoo ilimwagika kama ilivyotangazwa, na Odette, aliyekuwa ameingojea tangu Agosti, alimwagikiwa mara moja akapiga ukelele uliosikika mpaka kwenye duka la aiskrimu, na tangu hapo akikiona kile kibwawa anamkumbatia baba yake shingo. Rafferty alirukaruka juu ya lile godoro siku mbili, siku ya tatu akaja kukaa kwenye kiti cha kukunja kando ya mama yake akauliza binti zake Mama Mkubwa Tamsin watafika lini. Kila asubuhi kipaza sauti kilipiga muziki wa kuwaamshia watoto. Watu walifika, wakaegesha, wakaogelea, wakaondoka, na jirani wa jana siye wa leo. Kerryn alipokwenda kuazima koleo la kugeuzia nyama, mama wa hema la pili alimtazama akamwelekeza dukani.

Alimpigia Mama siku ya mwaka mpya. Mama alisema yuko nyumbani, aliziona fataki kwenye televisheni, akalala. Na kila siku Kerryn alimtumia Tamsin picha za watoto na kumwandikia kwamba wamemkumbuka, pole na kazi. Tamsin akamjibu kwa kopa jekundu, kila siku bila kukosa.

Baada ya siku chache Heath akasema, twende Durrabah mara moja, watoto wauone mto, turudi jioni. Kerryn alisitasita. Alihisi atakuwa kama mtu anayechungulia nyumba aliyoihama. Lakini Rafferty alishasikia, na Rafferty akishasikia basi tena.

Sasa, Durrabah hata mgeni wa mchana lazima apite dirishani. Na si kupita tu. Lazima utaje unamtembelea nani, uandikwe mgeni wa kiwanja cha fulani, upewe kadi ya njano ya kuweka kwenye kioo cha gari, na saa kumi na mbili jioni uwe umetoka. Katika maisha yake yote Kerryn hakuwahi kuwa na kadi ya njano. Njiani alipanga kuwataja wazee wa kumi na sita, ambao wangempokea hata na tembo. Heath akabaki garini na watoto, yeye akashuka.

Glenys alimkumbatia kupitia dirishani, nusu ya mwili nje. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani inayoning'inia kifuani, na aliwafahamu watoto wa Des tangu wanatambaa.

"Hata sina haja ya kuuliza," akasema, huku anachukua kalamu. "Wageni wa kumi na saba."

Kerryn akauliza kumi na saba kuna nani siku hizi.

Glenys alicheka, akadhani ni mzaha. "Si dada yako? Na mama yenu. Wapo tangu baada ya Krismasi." Alipoona mwenzake hacheki, kalamu ikasimama. "Kez, si ulimwachia mwenyewe? Alinipigia jioni ileile. Akasema ulikuwa unalia, ujumbe ukakukatikia njiani, lakini ulichotaka kusema ni kwamba unamwachia yeye. Na kweli kwenye mashine unalia. Ningemkatalia vipi mtoto wa Des?"

Kerryn aliipokea kadi ya njano. Alisema asante, kwa sababu midomo ilikuwa imezoea. Alirudi garini akaiweka kwenye kioo, na Heath akaisoma: mgeni, kumi na saba. Alimtazama mkewe, akaona si wakati wa kuuliza, akawasha gari wakaenda polepole, mwendo wa watu wa kambi, watoto wengine wakiwapita kwa baiskeli.

Karavani la Des lilikuwa pale. Kerryn alikuwa amelikabidhi kwa Mama lihifadhiwe uani, na hakuwa ameuliza habari zake tena. Turubai la mbele limefungwa. Meza ya kuparia samaki imesimama mahali pake. Chini ya turubai Mama ameketi, mguu mmoja juu ya sanduku la barafu, bakuli la kamba wa baharini mapajani, anawamenya mmoja mmoja. Tamsin alikuwa akianika taulo kwenye kamba ya hema, miguu mitupu, amepigwa na jua, na mara ya kwanza tangu Juni alionekana mtu aliyelala usiku. Hilo Kerryn aliliona kabla ya jingine lolote, na likamuuma.

Rafferty na Odette hawakungoja gari lizime. Binti za Tamsin waliwaona wakapiga kelele za furaha, na wote wanne wakatimka kuelekea mtoni. Heath akachukua kofia za watoto na chupa ya losheni ya jua, akawafuata bila kumsalimia mtu.

Tamsin alibaki na taulo mkononi. "Ningekuambia," akasema.

"Lini?"

"Mkisharudi nyumbani. Nilitaka likizo yenu isiharibike."

Kerryn alikuwa na maneno mengi njiani kutoka dirishani, lakini sasa alibakiwa na moja tu. "Ungeniomba, ningekupa. Taz, ungeniomba tu."

"Najua ungenipa." Tamsin aliitupa ile taulo juu ya kiti. "Ndiyo maana sikukuomba. Mwaka mzima huu kila nilicho nacho nimepewa na wewe. Chakula unaleta wewe. Watoto unanilelea wewe. Ukija mlangoni unanitazama utadhani nimefiwa. Baba naye alikupa wewe mbele ya macho yangu, nikapiga makofi. Nilitaka kitu kimoja nisichopewa na wewe."

Na Kerryn, masikini, kwa jinsi alivyo, nusura amwonee huruma. Alimwona dada yake siku ile dirishani, anapiga makofi. Kama Tamsin angeishia hapo, au angelia, pengine mambo yangekwisha kwa kukumbatiana na sahani za kamba. Lakini Tamsin aliongeza kwamba isitoshe, Kerryn hakushurutishwa na mtu, alichagua mwenyewe, na Pelikani ni kuzuri kwa watoto, au siyo?

"Basi ukaniibia," Kerryn akasema. "Na ukanituma nikupelekee funguo mwenyewe."

"Usimwite dada yako mwizi," Mama akasema.

Alikuwa hajainua macho kutoka kwenye bakuli. Kerryn akageuka. Tangu pale dirishani alikuwa ameshajitengenezea habari ambayo ndani yake Mama hana kosa: Mama amedanganywa naye, Mama ameletwa tu, Mama alidhani Kerryn anajua. Aliishikilia habari ile mpaka hapo.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanza kukutumia picha." Noelene alimmenya kamba mwingine akamtia kwenye bakuli. "Nyonga ni kweli inauma, usidhani nimekudanganya hilo. Inauma hapa kama ambavyo ingeuma kule."

"Nilikupigia siku ya mwaka mpya. Ukaniambia uko nyumbani unaangalia televisheni."

"Ulitaka nikuambie nini? Ukaacha likizo ukaja hapa kupiga makelele mbele ya majirani?" Sasa ndipo akainua macho, na hayakuwa makali. Yalikuwa macho ya mama anayemweleza mtoto jambo lililo wazi. "Wewe una Heath, Kerryn. Una watoto wadogo, una Januari nyingi mbele yako. Mwenzio hana kitu. Nilitazama nani anaweza kukosa asife, nikaona ni wewe."

Kerryn alisimama pale akasikia mtoni watoto wakicheka, na Odette akipiga ukelele, ukelele wa furaha, bila maboya, ndani ya maji yanayofika kwenye vifundo. Tamsin akasema kwa sauti ya upatanishi kwamba wakae basi, wale, kamba ni wengi, na kesho waje tena, wawe wanakuja kila siku wakitaka. Yeye atawaandikisha.

Neno hilo ndilo lililomwondoa Kerryn. Atawaandikisha. Kila asubuhi asimame dirishani na kadi ya njano, na jioni saa kumi na mbili awatoe watoto mchangani kwa ruhusa ya Tamsin. Alipiga moyo konde akageuka akashika njia ya ofisini. Nyuma alisikia Mama anaita, kisha akasikia fimbo yake ya kutembelea juu ya kokoto.

Pale dirishani palikuwa na familia inaingia, baba anabishana habari ya mbwa, ikabidi Kerryn angoje. Mama akamkuta hapo, anahema. Akamshika mkono juu ya kiwiko, kama alivyozoea kumshika wakivuka barabara. Walipoondoka wale wenye mbwa, Glenys aliitoa miwani akaifuta, na ilionekana naye alikuwa amelifikiria jambo lile tangu alipotoa ile kadi ya njano.

"Nitakuuliza mara moja tu, Kez," akasema. "Mimi nilikosea kusikiliza mdomo wa mtu mwingine. Wewe ndiye mwenye kusema, si Tamsin. Ukisema ulimwachia, ni chake, na hatutalizungumza tena. Ukisema hukumwachia, Januari hii wamalize, na mwaka unaofuata kinarudi kwako. Yeye aingie mwisho wa foleni kama watu wote."

Mama alimkaza kiwiko. Alisema polepole, kwa upole kabisa, hata Glenys akajifanya kutafuta kitu chini ya meza.

"Nilimwambia Tamsin asiwe na hofu. Alikuwa anaogopa siku utakayojua, hata usiku halali. Nikamwambia, Kerryn hataleta matata. Kerryn si mtu wa matata. Atalia kidogo, kisha ataelewa." Akavuta pumzi. "Na ukikitaka, kichukue. Lakini mimi nitakuwa na dada yako, popote atakapokuwa. Sitamwacha peke yake. Uamue ukijua hivyo."

Kerryn aliipima Januari hiyo. Kiwanja kile, mto ule, yeye na Heath na watoto, na viti viwili vitupu. Rafferty ataulizia binti za mama yake mkubwa, na safari hii hapatakuwa na kisingizio cha kazi wala cha nyonga. Ilikuwa rahisi mno kusema nilimwachia. Maneno yenyewe yalikuwa tayari mdomoni, yamekaa pale miaka yote, yale yale aliyoyatumia tangu utotoni kila kitu kilipohitajika kumegwa. Angeyasema, Mama angempapasa mgongo, wangerudi kula. Na wote watatu, Mama na Tamsin na Baba kaburini, wangejua tena kwamba walimhesabu sawasawa.

Hilo hakuliweza. Kunyang'anywa alikuweza, lakini kwamba mama yake alikaa akampima, akamkuta ndiye wa kunyang'anywa, hakuliweza.

"Sikumwachia," akasema. "Nilidanganywa."

Glenys aliitikia kwa kichwa taratibu, akavaa miwani, akainama kuandika. Mama aliutoa mkono wake kwenye kiwiko cha Kerryn. Aligeuka na fimbo yake, na kutoka pale ofisini kuna ngazi tatu fupi za mbao ambazo siku zote Kerryn humshika mkono akizishuka. Kerryn alimtazama akizishuka mwenyewe, moja, akapumzika, moja tena. Miguu yake ilitaka kwenda, aliisikia ikitaka. Hakwenda. Mama alifika chini, akashika njia ya mtoni bila kugeuka.

Baadaye kidogo, Kerryn akiwa amerudi kwenye gari, Rafferty alikuja mbio kutoka mtoni, amelowa, mchanga mpaka kwenye nywele, anataka kujua kama wanaweza kulala hapahapa leo na kina dada, Mama Mkubwa amesema hema dogo lipo.

"Leo hapana," Kerryn akamwambia.

"Mwaka kesho?"

"Mwaka kesho ndiyo. Tutalala kumi na saba."

Mtoto aliruka juu kwa furaha, akamshika mkono. "Sisi na Bibi?"

Kerryn alichukua taulo kutoka kiti cha nyuma cha gari, akapiga magoti, akaanza kumfuta mchanga kwenye vidole.

"Kausha miguu," akamwambia, "halafu ukamwite baba yako tuondoke."